Kujijengea foleni ya meseji: amua kwanza bora kupoteza au bora kurudia

Mwezi huu pekee nshaulizwa na watu watatu swali lilelile, ati nitumie Kafka au RabbitMQ (vyombo viwili vya foleni ya meseji), na kila nikiwarudishia swali "kwani ndani yake watia nini?" napata kimya. Chombo ndo kitu cha mwisho kuchagua ndugu yangu. Kabla yake kuna maamuzi kadhaa ambayo ukiyakosea hakuna chombo kitakachokuokoa, na ukiyapatia hata tebo moja ya databesi ya Postgres yaweza kukubeba miaka. Kwa hivo naandika hapa vile mimi hufanya, na mfano wangu ni huduma ninayoiendesha na mwenzangu hapa Mombasa, twapokea oda za chakula kwa niaba ya mikahawa, kutoka Mji wa Kale mpaka Bamburi. Si kitu kikubwa. Oda moja yazaa meseji tatu: ya jikoni, ya mtu wa boda, na SMS ya mteja.

Mwanzo hatukuwa na foleni. Mteja akibonyeza "agiza", programu yafanya kila kitu palepale, yaandika oda, yaita mtambo wa SMS, yangoja ujibu, ndo yamwambia mteja sawa. Siku mtambo wa SMS ukizubaa sekunde 40 mteja naye azubaa nao, halafu abonyeza tena, na tena, jikoni wapata biriani tatu za mtu mmoja. Foleni ni kusema hivi tu: oda nimeiandika, mengine yatafanywa nyuma na mwengine, wewe nenda zako. Faida yote iko hapo, na shida zote pia, manake sasa umetoa ahadi na wa kuitimiza si wewe.

Swali la kwanza, na kusema kweli ndo swali lote

Worka, yaani ile programu ifanyayo kazi nyuma, achukua meseji, atuma SMS, kisha arudi kwa foleni kusema "nimemaliza, ifute". Sasa afe katikati. Afe vipi? Stima imepotea, memori imejaa, wewe mwenyewe umepeleka toleo jipya saa hiyohiyo, sababu haziishi. Ikiwa foleni iliifuta meseji pale alipoichukua na SMS ilikuwa bado, basi imepotea na hakuna atakayejua mpaka mteja apige simu kwa hasira. Ikiwa foleni yangoja neno la "nimemaliza" ndo ifute, na worka amekufa baada ya SMS kwenda lakini kabla hajasema, foleni itampa worka mwengine na mteja apata SMS mbili. Njia ya tatu hakuna. Utaona watu watangaza "twafikisha mara moja tu, haipungui haizidi", na Kafka kweli waliweka kitu kama hicho kwenye toleo la 0.11 mwaka 2017 na chafanya kazi, lakini ni kwa mambo yanayotoka Kafka yakarudi Kafka. Ukishagusa dunia ya nje, SMS, malipo, printa ya jikoni, uko palepale na sisi wengine.

Mimi nachagua kurudia, karibu kila mara. Oda ikipotea mtu amelala njaa, oda ikirudiwa naweza kumfundisha worka aitambue. Kuna vitu najiachia vipotee bila hofu, kwa mfano mahali boda alipo, simu yake yatuma kila sekunde tano, moja ikianguka nyengine yaja, kuihifadhi kwa gharama ni ujinga. Kwa hivo kaa chini uandike aina zako zote za meseji, na mbele ya kila moja andika ipi ni mbaya zaidi. Usiandike "zote muhimu". Ukiandika zote muhimu hujaamua kitu.

Ukishachagua kurudia, kazi yahama kutoka kwa foleni yaja kwa worka: kila kazi lazima iweze kufanywa mara mbili bila madhara. Hapa ndo watu hujikwaa, na mimi nimo. Tulikuwa na pointi za wateja, oda moja pointi 10, na nilikuwa nimeandika kibwege kabisa, pointi ziwe pointi zilizopo jumlisha 10. Usiku mmoja worka akawa aongeza pointi, afa kabla ya kusema nimemaliza, ainuka, apewa meseji ileile, aongeza, afa. Mteja mmoja wa Kisauni aliamka ana pointi za kula bure mwezi mzima. Tulimpa, kosa letu. Dawa ilikuwa tebo ya pili, kila nyongeza ina namba ya oda yake na namba hiyo hairuhusiwi kujirudia, na pointi za mteja ni jumla ya mistari hiyo. Sasa meseji ije mara mia, mstari wa pili utakataliwa na databesi yenyewe.

Kwa malipo ni rahisi zaidi, manake muamala wa M-Pesa waja na kodi (code) yake ya herufi na namba kumi, ifanye hiyo ndo kitambulisho na uiwekee indeksi ya kutojirudia. Usitengeneze kitambulisho chako kwa kuunganisha namba ya simu na kiasi na dakika, utaona kama yatosha mpaka siku mtu amlipie mamake na mkewe sahani ileile dakika ileile. Na kitambulisho kizaliwe pale oda inapozaliwa, si pale meseji inapotumwa, manake anayetuma naye hujaribu tena na kila akijaribu akizalisha kipya umerudi ulikotoka.

SMS zenyewe huwezi kuzikamilisha. Waweza kuandika "imetumwa" kabla ya kutuma, ukifa katikati haiendi. Waweza kuandika baada, ukifa katikati zaenda mbili. Mimi huandika baada, SMS mbili hazijaua mtu.

Hamali na gunia

Ukimpa hamali wa soko la Kongowea gunia la viazi apeleke kwenye gari, wamkadiria dakika zake. Asiporudi wauliza. Foleni nayo hufanya hivo, worka akichukua meseji foleni yaificha kwa muda, na muda ukiisha bila neno yaitoa tena kwa mwengine. Kwenye SQS, huduma ya foleni ya Amazon, muda huo ni sekunde 30 usipougusa, na waweza kuuvuta mpaka saa 12. Tofauti na Kongowea ni kwamba gunia ni moja, lakini meseji yaweza kubebwa na mahamali wawili kwa wakati mmoja, na hiyo ndo hatari yake.

Ukiweka muda mfupi, worka mzima aliyechelewa kidogo anyang'anywa kazi, kazi yafanywa mara mbili, na mara nyingi ni wakati ule mambo tayari ni mazito, kwa hivo waongeza mzigo juu ya mzigo. Ukiweka mrefu, worka akifa kweli oda yakaa gizani mpaka muda uishe, na mtu aliyeagiza chapati na maharage hawezi kukungoja nusu saa. Ninachofanya: naangalia kazi ya kawaida iliyo polepole zaidi yachukua muda gani, nazidisha mara tatu hivi, na kwa zile kazi ndefu worka apiga hodi kila baada ya muda kusema "bado niko, niongezeeni". Kazi ikiwa yachukua sekunde mbili usijisumbue na kupiga hodi.

Halafu kuna mdudu ambao wengi hawauoni mpaka uwaume. Worka A amechelewa, muda umeisha, foleni imempa B. B yuko katikati ya kazi, A azinduka, asema "nimemaliza", foleni yafuta meseji. B akianguka saa hii hakuna wa kurithi, meseji haipo. Kwa hivo kila ukimpa mtu meseji mpe na namba mpya ya zamu, na neno la "nimemaliza" likubaliwe tu likija na namba ya zamu ya sasa. Ni kolamu moja tu kwenye tebo, itie siku ya kwanza.

Mpangilio, au kwa nini nenda ukaangalie feri

Simama Likoni, kwenye kivuko cha feri, saa ya jioni. Magari yamepanga laini, aliyetangulia ndo wa kwanza, na gari moja likikataa kuwaka mbele yako nyote mlio nyuma mwakaa. Wanaovuka kwa miguu wamwagika tu, hakuna anayeuliza nani alikuja kabla ya nani, na umati mzima waingia kwa dakika chache. Mpangilio wagharimu hivo. Foleni ikilazimisha utaratibu kamili ni worka mmoja kwa wakati, na meseji moja mbovu yafunga barabara.

Watu huomba mpangilio wa kila kitu wakati wanachohitaji ni mpangilio wa kitu kimoja kimoja. Oda yangu na oda yako hazijuani, lakini "imepokelewa" ya oda yangu lazima itangulie "imefutwa" ya oda hiyohiyo. Kwa hivo waigawa kwa namba ya oda, Kafka wagawa kwa partisheni (vipande vya foleni), SQS nao waliongeza foleni za mpangilio mwaka 2016 ambapo meseji waipa kundi lake. Gharama ipo bado, ndani ya kundi moja meseji ikikwama wenzake wakwama, ila angalau ni kundi hilo tu.

Mimi nina ujanja mwengine ambao umeniondolea hili neno karibu lote: meseji yangu haibebi habari, yabeba namba ya oda basi. Worka akiipata aenda kwenye databesi aangalia oda iko hali gani sasa hivi. Meseji zikija kinyumenyume hakuna tatizo, manake ukweli uko sehemu moja. Nalipa kwa kusoma databesi mara moja zaidi kila meseji, na siwezi kujua hali za katikati zilizopita, kwa chakula ni sawa, kwa hesabu za benki singefanya hivo.

Na tukiwa bado Likoni, feri haiondoki na mtu mmoja, yangoja ijae. Ndo kukusanya meseji kwa mafungu, safari chache, kazi nyingi, lakini aliyeingia wa kwanza angojeshwa. Weka mipaka miwili, fungu lifike 20 au nusu sekunde ipite, lolote litakalotangulia. Ukiweka ule wa idadi peke yake, saa tisa za usiku meseji ya 19 italala hapo mpaka asubuhi.

Diski, na ile sehemu ambayo hakuna anayeitaja

Foleni ikisema "nimepokea", imepokea wapi? Ikiwa ni kwenye memori, stima ikipotea kwaheri. Redis, databesi ya kukaa kwenye memori, kwa ile seti ya kuandika diskini kila sekunde yaweza kukupotezea kama sekunde moja ya kazi. Postgres kwa kawaida hasemi sawa mpaka diski ithibitishe, na ndo maana ni mzito zaidi, ila waweza kuzima `synchronous_commit`, ile seti ya kungoja diski, kwa zile meseji za boda alipo na ukapata kasi, hatari yako ni kupoteza zile za chini ya sekunde moja ya mwisho bila databesi kuharibika. Kitu kizuri ni kwamba waizima kwa transaksheni (fungu la maandishi yanayoingia pamoja) moja moja, si lazima kwa databesi nzima.

Lakini hata diski ikiwa ya chuma kuna tundu kubwa zaidi. Waandika oda kwenye databesi, kisha watuma meseji kwenye foleni iliyo seva nyengine. Ni maandishi mawili. Ukifa kati yao, mteja ana oda, jikoni hawana habari. Ukigeuza, watuma meseji kwanza, jikoni wapika oda ambayo haipo. Nilihangaika na hili majuma mawili nikidhani ni bagi, kosa la programu, kumbe ni umbo la kitu chenyewe. Suluhisho ni kuandika meseji ndani ya tebo kwenye databesi ileile, transaksheni ileile na oda, ama zote zaingia ama hakuna. Kisha worka asoma kutoka tebo hiyo, au kama una foleni kubwa kwengine, kuna kijiprogramu cha kuhamisha kutoka tebo kwenda huko, nacho kitarudia mara mojamoja, lakini si tushasema worka ajua kukabili marudio?

Hii ndo sababu nikiulizwa nasema anza na Postgres. Tangu toleo la 9.5, lililotoka Januari 2016, kuna `FOR UPDATE SKIP LOCKED`, yaani worka achukua mistari ambayo haijashikwa na mtu na aruka iliyoshikwa, maworka kumi hawagongani. Akichukua, aandika namba ya zamu na saa ya mwisho ya zamu kisha afunga transaksheni. Usiiache transaksheni wazi wakati waita mtambo wa SMS, inashikilia kanekshoni na inazuia usafishaji. Usafishaji ndo ubaya wa njia hii: kila meseji unayofuta au kubadilisha yaacha mzoga ndani ya tebo, na tebo ya foleni ni machinjioni, kwa hivo sukuma autovacuum, fagio la Postgres, ipite hapo mara nyingi zaidi kuliko tebo nyengine. `NOTIFY`, kengele ya Postgres, itamwamsha worka haraka, lakini kama hakuna aliyesikiliza wakati ule mlio umepotea, kwa hivo bado aamke mwenyewe kila sekunde chache aangalie.

Ramadhani yaja

Tuseme maworka wako kwa jumla wamaliza meseji 20 kwa dakika, siku za kawaida waona wako sawa kabisa. Ramadhani saa kumi na moja kasorobo jioni mji mzima waagiza futari, zaingia 60 kwa dakika, na yaendelea hivo dakika 90. Kila dakika 40 zabaki, jumla 3,600. Sasa hata zisiingie nyengine, kwa kasi ya 20 zahitaji saa tatu kwisha. Yule wa mwisho yuapata SMS ya "chakula chako kiko njiani" saa tatu na robo usiku, watu watoka tarawehe.

Foleni haiongezi nguvu, yaahirisha tu. Kwa hivo amua mapema ikijaa utafanya nini. Ya kwanza, kila meseji iwe na saa ya kufa, SMS ya futari baada ya magharibi haina maana, itupwe na ihesabiwe. Ya pili, meseji ya jikoni isipange laini moja na SMS za matangazo, zitenge foleni mbili na maworka wake, ni salama kuliko kuweka vipaumbele ndani ya foleni moja, ambapo wa chini hufa njaa. Ya tatu, na hii mwenye mkahawa hataipenda, ikifika kiwango fulani kataa oda mlangoni, "samahani jikoni kumejaa". Kumkatalia mtu saa kumi na moja ni adabu, kumkubalia kisha umlaze na njaa si adabu.

Na usipime foleni kwa idadi, pima umri wa meseji kongwe zaidi ambayo bado haijamalizwa. Meseji 5,000 zinazoisha kwa dakika moja si tatizo, meseji tatu zenye saa mbili ni moto.

Zile zinazoshindikana, usizijaribu tena papo hapo. Sekunde 5, kisha 30, kisha dakika 2, na ongeza kidogo cha kubahatisha juu yake, la sivyo mtambo wa SMS ukirudi meseji zote zaamka sekunde moja na kuuangusha tena, kama geti la feri likifunguliwa. Baada ya mara tano au sita ihamishe foleni ya pembeni, wenyewe waiita DLQ (dead-letter queue), pamoja na kosa lenyewe lililotokea. Na mtu wa kuiangalia awe na jina. Yetu ilikaa miezi bila kufunguliwa, siku nilipoifungua nilitamani kuifunga.

Haya, vyombo sasa, haraka. RabbitMQ ni mzuri ukiwa na aina nyingi za kazi na njia nyingi za kuzielekeza, ila weka mpaka wa meseji anazoshika worka mkononi, la sivyo mmoja abeba zote na wenzake wakaa bure. Kafka si foleni kwa maana yetu, ni daftari, meseji haifutwi ikisomwa, yakaa siku 7 usipobadilisha, kwa hivo waweza kurudi nyuma kusoma upya, tamu sana kwa ripoti, chungu kwa kazi ambazo moja yaweza kukwama na kufungia partisheni nzima. SQS wailipia na walala usingizi, lakini kila meseji yasafiri mpaka kwenye seva zao na kurudi. Redis ukitumia orodha ya kawaida na `BRPOP`, meseji ikitoka imetoka, worka akifa imekwenda naye, tumia streams zilizokuja na toleo la 5, hizo zaweza kungoja neno la "nimemaliza".

Kabla hujampa mteja yeyote: tia meseji 1,000 zenye namba, washa maworka watatu, na wakiwa katikati muue mmoja kwa `kill -9`, usimwombe kwa upole, kisha izime databesi na uiwashe. Ikiisha hesabu namba tofauti zilizofika na ngapi zilijirudia. Ukipata 1,000 na marudio machache uko vizuri. Ukipata 999 rudi kwenye swali la kwanza. Na ukipata 1,000 bila marudio hata moja ua tena, huenda hukumpata mkono ukiwa kazini.